Sikuisikia Harufu ya Mikaratusi

Mimi ni nesi wa gari la wagonjwa. Kituo chetu ni kidogo, kiko kando ya barabara kuu, upande wa Ilula, na kazi yetu kubwa ni kuwatoa watu bondeni na kuwapandisha Iringa mjini. Mlima Kitonga nimeupanda na kuushuka mpaka kona zake nazijua kwa mgongo, maana ukikaa nyuma ya gari la wagonjwa hutazami njia. Unakaa ubavu, mkono mmoja umeshika mgonjwa, mwingine umeshika bomba, na mwili ndio unaokuambia mmefika wapi.

Nilizaliwa Mbeya, kwa Wanyakyusa, nikaolewa na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Igowole, kule Mufindi. Tuna watoto wawili. Mambo haya nimeshayasema kwa vipande: kipande kwa mume wangu, kipande kwa wifi yangu, na kipande kimoja nilikimeza mbele ya dereva wetu. Leo nayaandika yote.

Ilikuwa katika ile miaka ya barakoa, mwezi wa pili, mvua zimekolea. Sisi kazini tuliujua ugonjwa ule, lakini kwenye karatasi za rufaa tuliandika nimonia, au changamoto ya upumuaji. Kipimo chake hatukuwa nacho. Barakoa nilikuwa nazo mbili za kitambaa, nimezishona mwenyewe kwa cherehani ya jirani. Nafua moja, navaa moja.

Asubuhi hiyo tuliitwa Ruaha Mbuyuni. Mgonjwa alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, mwenye duka la vitambaa Iringa mjini. Alikuwa anatoka Dar na mke wake kwa gari la kukodi. Njiani akazidiwa, na dereva wa gari lile, alipoona mzee anavuta pumzi kwa mabega, aliwashusha kwenye zahanati pamoja na mizigo yao, akageuza. Nilimkuta mzee amekaa kwenye benchi, mikono kwenye magoti, midomo imebadilika rangi. Nikamwekea kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu: themanini na moja, ilhali mtu mwenye afya hashuki tisini na tano. Sikutaka kuuliza zaidi. Tukampandisha, mkewe akakaa miguuni pake, mimi kichwani, tukaondoka.

Gari letu ni Land Cruiser ya zamani, milango ya nyuma tu. Kati yetu na dereva kuna kioo cha kusukuma. Tulipoanza kuupanda mlima nilihisi kona ya kwanza, ya pili, kisha gari likapunguza mwendo, likasimama. Nikagonga kioo.

"Kuna nini, mzee wangu?"

Dereva wetu ni mtu mzima, aliwahi kuendesha malori miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Alisukuma kioo kidogo. "Lori limelala kwenye kona huko juu. Limebeba mabati, yamemwagika barabara nzima. Mabasi yamejaa mbele yetu, malori nyuma. Sista, hapa hatutoki leo."

"Piga king'ora."

"Nipige wakimbilie wapi? Kushoto jabali, kulia shimo."

Hata hivyo alipiga. Kililia kama dakika mbili, kikanyamaza. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikataka kushuka nikaone mwenyewe. Nikafungua mlango wa nyuma, ukafunguka upana wa kiganja, ukagonga chuma. Lori lililokuwa nyuma yetu lilikuwa limetusogelea mpaka bampa lake linagusa mlango. Dereva wetu alishuka kwa mlango wake akaenda kumwomba yule wa lori arudi nyuma, lakini na yeye alikuwa amebanwa na basi. Akarudi, amelowa, akaniambia kwenye kioo, "Vumilia tu."

Tulikaa mle ndani kwa muda wa saa tano.

Mara ya kwanza nilifungua dirisha la pembeni. Mvua ilikuwa inapiga kutoka upande ule, ikamwagikia mzee kifuani. Mkewe akanishika mkono. Alikuwa mama mnene, sauti ya chini, Kiswahili chake cha Iringa kabisa kama cha majirani zangu. "Mwanangu, funga. Anatetemeka." Nikafunga. Baada ya muda nikafungua tena, ukungu ukaingia, mzee akaanza kukohoa kikohozi kisichoisha. Nikafunga. Mara ya tatu sikufungua.

Nilikuwa na mitungi miwili ya oksijeni. Wa kwanza ulikwisha saa sita. Wa pili niliupunguza kiasi nilichothubutu, nikawa natazama kile kifaa cha kidole kuliko ninavyomtazama mtu mwenyewe. Themanini na sita. Themanini na tatu. Themanini na tano. Mama yule alikuwa anavuta tasbihi na kila baada ya muda ananiuliza, "Sista, inasema ngapi?" Nikawa naongeza mbili kwa kila namba niliyomtajia.

Vioo vyote vilijaa mvuke. Barakoa yangu ililowa kwa pumzi zangu mpaka ikawa inaninyonya mdomo kila nikivuta hewa. Nikaishusha kidogo ili niseme na dereva kwenye kioo, nikaipandisha. Nikaishusha nimpe mzee maji kwa kijiko, kwa sababu hakuwa ananielewa nikisema ndani ya kitambaa. Nikaipandisha. Saa ya tatu ilikuwa kidevuni. Saa ya nne haja ndogo ilinibana nikashindwa hata kukaa. Mama yule alielewa bila kuambiwa. Alitandua mtandio wake, akaushika kwa mikono miwili, akageuza uso, nami nikatumia beseni la mgonjwa. Nilipomaliza aliniambia, "Na mimi nisaidie hivyohivyo." Tukacheka. Ndiyo mara pekee tuliyocheka siku ile.

Mzee alinishika kifundo cha mkono. "Tumefika wapi?"

"Tumekaribia juu, baba."

Hatukuwa tumesogea hata hatua moja.

Winchi ilikuja saa tisa. Tulifika hospitali Iringa mjini mtungi wa pili ukiwa umebaki pumzi chache, wakampokea mzee, na mimi nikaenda kuosha gari. Nakumbuka nilifungua milango yote miwili, nikasimama katikati ya mvua nikivuta hewa kwa mdomo wazi kama mtu aliyetolewa kisimani.

Siku nne baadaye nilikuwa na mapumziko. Mgongo uliniuma, kichwa kizito. Nilijiambia ni kile kikao cha saa tano. Mume wangu alikuwa shuleni, mitihani imekaribia, akaniomba niende Igowole nimpelekee mama yake dawa za presha.

"Umechoka?" aliniuliza.

"Nimechoka kidogo."

"Kule utapumzika. Mama hatakuacha ufanye kazi."

Hilo lilikuwa kweli. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mjane, mwimba kwaya wa Kilutheri, mwenye shamba la viazi na njegere. Niliposikia kwamba nitaolewa Mufindi niliogopa, kwa sababu ndugu wengine wa mume wangu walisema wanawake wa Kinyakyusa wana kichwa kigumu, wanawatawala wanaume. Yeye aliwajibu, "Basi aje atufundishe." Tangu siku ile sikumwita mama mkwe. Nilimwita mama.

Nilifika mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa.

"Kamwene," nikamsalimia.

"Kamwene, mwanangu. Mbona una uso wa mgonjwa?"

"Ni uchovu, mama."

"Uchovu una uso wake, naujua. Huu si wenyewe."

Siku ile ya kwanza nilikula kidogo. Alipika njegere kwa viazi, chakula ninachokipenda, nami nikaona hakina ladha. Nikadhani amesahau chumvi. Sikumwambia, nisimuudhi. Nililala mapema, nikaamka koo linakwaruza, basi. Homa sikuwa nayo. Kikohozi sikuwa nacho.

Asubuhi ya pili alikuwa ameshatoka, amerudi na kanga imejaa majani: mikaratusi, michaichai, na kitu kingine cha porini ambacho jina lake analijua kwa Kibena tu. Kila nyumba ilikuwa inajifukiza wakati ule. Akachemsha kwenye sufuria kubwa, akaliweka chini jikoni, akavuta vigoda viwili.

"Njoo tuingie."

"Mama, ingia wewe kwanza, mimi nitafuata."

"Kuni nipoteze mara mbili? Njoo, blanketi linatutosha."

Nikaingia. Blanketi lilikuwa zito, la sufu, lenye mistari. Alilishusha mpaka chini, giza likatufunika, akafunua sufuria. Mvuke ulinipanda usoni ukaniunguza kope. Vichwa vyetu viligusana. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu na kuitoa usoni pangu, nami nikiitoa yangu usoni pake.

"Unasikia?" aliniuliza. "Mkaratusi wa huku harufu yake inafungua mpaka ubongo."

Nilivuta. Nikavuta tena, kwa nguvu. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na joto na maji, basi, kama vile amechemsha sufuria tupu.

Mimi ni nesi. Nilikuwa nimeshasikia, kama kila mtu aliyefanya kazi hospitali miaka ile, maana ya mtu kukosa harufu ghafla. Wazo lilikuja pale pale chini ya blanketi, kamili, halikuja baadaye. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kuinua blanketi, kutoka nje na kukaa mbali naye. Lakini nilijiambia pua imeziba na mvuke. Nilijiambia nikitoka sasa nitamtisha. Na zaidi ya yote nilikuwa nimechoka, nimekaa na mtu anayenipenda, na sikutaka iwe kweli.

"Nasikia, mama," nikasema. "Inafungua."

Tulikaa mle mpaka sufuria likapoa. Niliondoka kesho yake.

Wifi yangu alipiga simu wiki iliyofuata. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, hakuolewa tena baada ya mumewe kufariki, na alikuwa anaishi nyumba ya pili kutoka kwa mama. Alisema mama ana homa, hali chakula. Siku mbili baadaye alisema mama anahema. Mume wangu alikwenda, wakampeleka hospitali, na mimi nilipopata ruhusa nikafuata kama ndugu, si kama nesi. Nilisimama mlangoni mwa wodi. Alikuwa amekaa, mikono kwenye magoti, anavuta pumzi kwa mabega. Sikuhitaji kifaa cha kidoleni.

Aliniona, akajaribu kutabasamu. Hakuwa na pumzi ya kunisalimia.

Alifariki siku ya tatu tangu nifike. Cheti kiliandika nimonia. Tulimzika Igowole, kwaya yake iliimba, watu walikuwa wengi sana.

Baada ya msiba nilirudi kazini na nikaendelea. Wazo lile la chini ya blanketi nililifungia. Nilikuwa na hoja zangu: mama alikwenda kanisani, alikwenda gulioni, alipokea wageni, kijiji kizima kilikuwa kinakohoa. Na mimi sikuwahi kuumwa. Mtu ambaye hakuumwa anamwambukizaje mwenzake? Jibu nilikuwa nalifahamu, lakini nilijifunza kuishi mbali nalo.

Mwezi wa sita mimi na dereva tulipelekwa Mbeya kwa mafunzo ya kujikinga kazini. Tulikuwa watu wa magari ya wagonjwa, zimamoto, na askari wa barabarani wachache. Baridi ya Mbeya mwezi wa sita inakufanya ushukuru kila kikombe cha chai. Siku ya kwanza walikuja watu wa maabara, wakatueleza kwamba wanataka kujua ni wangapi kati yetu sisi wa mstari wa mbele tuliupata ugonjwa bila kujua. Wanachukua damu, wanatafuta kingamwili. Chanjo ilikuwa haijatufikia bado, kwa hiyo, walisema, ikionekana, imetokana na ugonjwa wenyewe. Ni hiari. Majibu ni siri ya mtu.

Dereva aliinuka wa kwanza. "Mimi damu yangu nimeshaimwaga kwenye ajali mara mbili. Hii kidogo itanifanya nini?"

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa. Nadhani nilitaka karatasi iniambie hapana, niende nayo nyumbani, nimalize. Nilikunja mkono wa sweta nikautoa.

Siku ya mwisho waliita mmoja mmoja kwenye chumba kidogo. Aliyeniita alikuwa dada mdogo, mtaalamu wa maabara, mwenye Kiswahili laini na kalamu nyingi kwenye mfuko wa koti. Aligeuza karatasi ili niisome mwenyewe.

"Una kingamwili, dada. Maana yake mwili wako uliwahi kukutana na virusi na ukapigana navyo. Si kwamba unaumwa sasa."

"Vilinipata lini?"

"Kipimo hakisemi lini."

"Hata kwa kukadiria? Mwezi wa pili?"

"Inawezekana mwezi wa pili. Inawezekana wa nne. Hakisemi lini, hakisemi ulivipata wapi."

Nilijisikia nauliza swali ambalo sikutaka kuliuliza. "Na hakisemi kama nilimpa mtu."

Alinitazama. Nadhani aliulizwa hivyo na wengi. "Hapana," alisema taratibu. "Hicho hakuna kipimo kinachosema."

Nje dereva alikuwa amekaa kwenye ukuta anaota jua. "Mimi sina," alisema, kama aliyekosa zawadi. "Gari moja, mgonjwa mmoja, sina kitu. Kile kioo kumbe kina kazi. Wewe je?"

"Na mimi sina."

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi. Jioni mume wangu alipiga simu, akauliza, nikamwambia hivyohivyo. Akashusha pumzi nikaisikia. "Mungu mkubwa," akasema.

Hapo ndipo nilipobanwa hasa. Kwenye mlima nilijua kwamba mwisho wake winchi itakuja. Huku hakukuwa na winchi. Mume wangu alilibeba lile jibu langu kwa furaha, akaenda nalo kila mahali. Aliwaambia walimu wenzake. Aliwaambia majirani. Jumapili moja baada ya ibada alimwambia mchungaji, mimi nimesimama pembeni, "Huyu mke wangu kila siku anabeba wagonjwa, amepimwa Mbeya, hana hata dalili ya kupitiwa. Ni maombi ya mama yangu hayo." Mchungaji akanishika mkono, akamshukuru Mungu. Nikaitikia amina.

Nyumbani kulikuwa na picha ya mama sebuleni, amevaa joho la kwaya. Nilianza kula jikoni. Mume wangu alipouliza, nikasema kuna joto la moto. Karatasi yenyewe niliiweka ndani ya daftari la kliniki la mtoto mdogo, kisha nikaihamishia kabatini kazini, kisha nikairudisha nyumbani kwa sababu niliogopa itaonwa kazini. Kila mara Igowole ilipotajwa nilikuwa na zamu. Nilibadilishana zamu na wenzangu mpaka wakanishangaa: Krismasi nipo, mwaka mpya nipo.

Siku moja tulikuwa Iringa mjini tukimsubiri mgonjwa wa kurudishwa kijijini, nikapita mtaa wa maduka ya vitambaa. Nikamwona yule mzee. Alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya duka lake, mwembamba zaidi, fimbo mapajani, anampa maelekezo mtu aliyekuwa anapima kitenge. Mkewe alikuwa ndani. Nilipaswa kufurahi, nilimtoa mtu yule kwenye mlima kwa mikono yangu. Lakini kilichonipanda kilikuwa hasira. Wewe umepona, nikamwambia moyoni, umekaa hapo unauza kitenge. Nikaona aibu mpaka nikavuka barabara. Sikuwahi kuwasalimia.

Mwaka ulipotimia familia iliamua kujengea kaburi. Hapo zamu haikunisaidia; mkamwana hawezi kukosa. Tulikwenda wote. Alasiri, mafundi walipokuwa wakichanganya zege, mume wangu aliniambia twende tukachote maji ya kuongeza. Njia ya kisimani inapita kati ya miti ya mbao, na ni kimya pale, majani yake yaliyoanguka yanameza hata hatua zako. Alikuwa mbele na ndoo. Nikamwambia mgongoni, kwa sababu usoni nisingeweza.

"Mbeya nilikudanganya. Nilikuwa nazo zile kingamwili."

Alisimama. Hakugeuka.

"Na nilipokuja kumletea mama dawa nilikuwa nimeshaupata. Nilijifukiza naye blanketi moja. Sikusikia harufu ya majani, nikajua, nikanyamaza."

Aliweka ndoo chini. Ndege alikuwa analia mahali fulani juu ya miti. Kisha akasema, bado amenipa mgongo, "Wiki ile na mimi nilikuwa nakohoa."

"Hukuwa unakohoa."

"Shuleni nilikuwa nakohoa. Nyumbani nilijizuia. Na nilikuja kumwona mama Jumamosi kabla yako, hukuwepo, ulikuwa zamu. Kwa hiyo hujui. Na mimi sijui."

"Ulikuja kweli?"

"Nimekwambia nilikuja."

Mpaka leo sijui kama alikuja. Huenda ni kweli. Huenda alitazama mahali niliposimama na akaona afadhali tusimame wawili. Wakati ule chanjo ilikuwa imeshafika, yeye ameshachanjwa, na kipimo kile kisingeweza tena kutenganisha kingamwili za chanjo na za ugonjwa. Nilimwambia hivyo, kinesi kabisa, katikati ya miti. Akasema, "Basi." Akaokota ndoo. Njiani kurudi aliniomba jambo moja: nisimwambie dada yake.

Lakini wifi yangu ndiye aliyemuuguza mama. Ndiye aliyemwosha, aliyelala chini pembeni ya kitanda chake. Nilimkuta nyuma ya jiko anamenya viazi vya wageni. Nikakaa, nikachukua kisu, nikamenya kimoja, nikamwambia yote kama nilivyoyaandika hapa. Sikulia. Niliogopa nikilia atanibembeleza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza kuhusu damu, wala Mbeya, wala mzee wa Kitonga. Aliniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ulijua husikii harufu, na mama akakuuliza, ukasema unasikia?"

"Ndiyo, wifi."

Akatikisa kichwa polepole kama anayekubali bei. Akainuka, akaingia ndani, akakaa huko. Nikamenya viazi vyote vilivyobaki peke yangu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akachukua sufuria akaenda kuinjika. Wageni walikula, zege likakauka, tukaondoka kesho yake. Aliniaga vizuri mbele za watu. "Safari njema, nesi," alisema. Tangu ndoa yangu alikuwa akiniita wifi.

Imepita miaka kadhaa sasa. Hakuwaambia ndugu wengine. Kama angewaambia ningeshasikia. Hajanitukana, hajaninyima chakula. Watoto wangu wakienda likizo anawapokea kama wake na anawarudisha na magunia ya viazi. Ila jina hajalirudisha. Mume wangu, tangu ajue kwamba nilimwambia, ananiambia nimpe muda. Mimi simdai chochote. Swali lake lilikuwa ndilo, na hakuna mwingine aliyeweza kuliuliza.

Mwezi uliopita alinipigia asubuhi, mimi nikiwa kazini. Mjukuu wake alikuwa anahema vibaya, mbavu zinaingia ndani. Nikamwambia aweke simu karibu na mdomo wa mtoto, nikasikiliza zile pumzi kwa muda, nikamwambia asingoje, asichemshe majani, amfunge vizuri aende hospitali saa hii hii, nami nitawapigia wenzangu wa huko wampokee. Akafanya hivyo. Mtoto alilazwa siku tano, akapona.

Siku walipotoka alinipigia tena. Alieleza dawa walizopewa, nikamweleza jinsi ya kumpa. Kukawa na kimya kidogo kwenye simu, nikadhani salio limekwisha.

"Upo?" nikamuuliza.

"Nipo," akasema. "Ndaga, nesi."

Ni neno la kwetu, la Kinyakyusa, la kushukuru. Sikujua kwamba analijua. Nikamwambia karibu, na dereva akawa ameshawasha gari ananiita kwa mkono, kuna mtu Ruaha Mbuyuni, nikavaa barakoa nikapanda nyuma.